Atlasi ya ramani na atlasi ya hariri: ni neno moja au mawili?

Ndugu wapenzi wa lugha, naomba tulijadili jambo hili kwa kina, kwa sababu linagusa namna tunavyotunga kamusi zetu. Kiswahili kina atlasi ambayo ni kitabu cha ramani, na kina atlasi ambayo ni kitambaa cha hariri, laini na chenye kung'aa. Wapo wanaoshikilia kwamba ni neno moja, lililofika pwani pamoja na vitambaa vya Waarabu, kisha likapanuka maana. Mimi nashikilia kwamba ni maneno mawili yaliyokutana kwetu, na kila moja linastahili kidahizo chake, yaani ingizo lake la peke yake katika kamusi.

La kitambaa halina utata mkubwa. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu laini, kitupu, kisicho na alama, na wanafalaki wa Kiislamu walilitumia hata kwa anga la tisa, lile la nje kabisa lisilo na nyota hata moja.

La ramani lina safari nyingine kabisa. Mshairi wa kale wa Kigiriki, Hesiod, anasimulia kwamba Atlas, wa ukoo wa Watitani, miungu ya kale ya Wagiriki, alilazimishwa na Zeus, mkuu wa miungu, kuishikilia mbingu kwa kichwa na mikono isiyochoka, huko mwisho wa dunia. Naomba lizingatiwe hili, maana hukosewa mno: alibeba mbingu, si dunia, na sanamu yake maarufu iliyoko Naples inaonyesha tufe lililochongwa makundi ya nyota. Mwaka 1595, mwaka mmoja baada ya kifo cha Mercator, mchora ramani wa Duisburg, kitabu chake kikubwa kilitolewa kwa jina la Atlas, na jina hilo likaenea kwa vitabu vyote vya aina hiyo. Hata hivyo, Mercator mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akimuenzi Atlas mfalme wa Mauretania, nchi ya kale ya Afrika Kaskazini, ambaye masimulizi yanamsifu kwa elimu ya nyota. Kwetu, sioni njia ambayo neno hili lingepitia isipokuwa darasa la jiografia.

Hoja nzito ya upande wa pili naikubali kuwa ni hoja: Kiarabu cha leo huandika Milima ya Atlas na Bahari ya Atlantiki kwa herufi zilezile za kitambaa. Lakini kufanana kwa herufi si udugu. Kaa la moto, kaa wa baharini na kukaa kitako hutamkwa sawa, na hakuna anayeyaweka chini ya kidahizo kimoja.

Penye shaka ya kweli, kwa maoni yangu, ni nyuma zaidi. Wengi hulihusisha jina Atlas na kitenzi cha Kigiriki cha kubeba na kuvumilia. Wengine huona ni la kale kuliko Kigiriki, na wapo wanaolilinganisha na adrar, neno la Waberber wa Afrika Kaskazini kwa mlima. Ikiwa hao wa mwisho wana haki, basi jina hilo lilitoka Afrika kabla ya kurudi likiwa ndani ya mkoba wa mwanafunzi.

Kwa hiyo nawaomba wanaotetea kidahizo kimoja watuonyeshe andiko lolote la zamani la Kiswahili ambamo atlasi ya hariri inaanza kuchukua maana ya ramani.