Tupeane uzoefu: miti ya sumu iliyomo uani mwetu

bint_fuoni: Asalam alaykum. Mtoto wa jirani leo katafuna jani la lile ua la chunguni, majani mapana ya kijani yana madoa meupe, wengi tunalo barazani. Ulimi ukavimba, mate yanamtoka tu, hata kulia hawezi. Alhamdulillah hospitali wamemshughulikia. Hebu tuambiane, mingine ipi ya kuchunga?

mwana_wete: Mnyaa! Kaka yangu alikuwa akipunguza ua wa nyumba, panga likipita kijitini utomvu mweupe unaruka, tone likamwingia jichoni, akapangusa kwa mkono na mkono wenyewe ushajaa utomvu. Haukupita muda anapiga makelele, kope zimefura hazifunguki, usiku kucha hakulala na sisi hatukulala, asubuhi anaona ukungu mtupu. Hospitali wakamuosha sana wakampa dawa, uoni ukarudi pole pole. Sasa kwetu haukatwi mnyaa bila miwani, glavu na nguo ya mikono mirefu.

mama_chake: Masikini, pole yake. Sisi hutia maziwa ya mama anayenyonyesha.

konde_juu: Maziwa msimtie mtu jichoni jamani! Maji safi, yamiminike dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

mama_chake: Wazee wetu wametia na wameona mpaka uzeeni.

konde_juu: Waliopona ndo wanaohadithiwa, waliopofuka nani anawataja?

shangazi_bububu: Na mbono kaburi! Kokwa zake zina utamu, ndo mana mtoto hali moja. Kutapika na kuharisha mpaka analegea. Mbarika ndo mbaya zaidi, jani lina vidole vingi, tunda lina miiba laini, mbegu ina madoadoa kama kupe alonona. Ikitafunwa msingoje dalili, zinaweza kuchelewa masaa mengi.

bint_fuoni: Atapishwe?

shangazi_bububu: Hapana. Msuuze mdomo umkimbize, na chukua kitawi chake daktari akione.

mwana_wete: Kateni yote!

mkulima_micheweni: Nikate mbono kaburi ng'ombe waingie muhogoni? Hawaugusi ule, ndo ua wangu. Watoto wafundishwe.

mama_chake: Mtoto wa miaka miwili utamfundisha nini?

konde_juu: Na ule wa maua ya njano wenye kokwa ngumu ya pembe pembe, unapandwa kwa urembo. Huo unavuruga mapigo ya moyo. Mkiukata msitie jikoni kama kuni, wala vijiti vyake visichomewe mishkaki.