Bajeti ndogo, gemu na kuandika programu: nirekebishe wapi?

Muuliza swali: Wakuu, habari zenu. Naunganisha kompyuta ya gemu na kazi. Kazini nafungua Docker (ya kuendesha programu kwenye makontena), emuleta ya Android (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) na vichupo vya brauza kibao kwa pamoja. Nimechagua prosesa ya Ryzen 5 5600, RAM GB 16 na kadi ya picha ya RX 6600. Kioo ni 1080p.

Jibu: Prosesa usiiguse mkuu, koa (viini vya kuchakata) 6 na nyuzi (threads) 12 zinakutosha kabisa. Tatizo ni RAM. Emuleta na Docker zitaimaliza GB 16 mapema, kisha mashine inaanza kuhamishia data kwenye diski na kila kitu kinakuwa kizito. Chukua vijiti viwili vya GB 16. Ubao ukiwa na nafasi nne, chomeka ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, vifanye kazi kwa jozi. Kijiti kimoja kinashusha kasi ya gemu, na wengi hulipuuza hilo.

Jibu: Unagusa AI? Basi chukua kadi ya NVIDIA, RTX 3060 ya GB 12, maana CUDA, mfumo unaotumiwa na programu nyingi za AI kufanya hesabu kwenye kadi ya picha, ni ya NVIDIA. La sivyo, baki na RX 6600.

Jibu: Pawa saplai ya bei chee isiyo na jina usinunue, tafadhali. Ikifa vibaya inaweza kuondoka na ubao mama.

Muuliza swali: Asanteni sana. AI sigusi. Kesi (boksi la kompyuta) ya mataa naiacha, hela inaenda kwenye RAM.