Kibali cha ujenzi kinauliza kila kitu isipokuwa joto na hewa ukaa. Nimechoka!

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Miezi saba nimepanda na kushuka ngazi za halmashauri kutafuta kibali cha kujenga vyumba vinne vya kupangisha huku Chanika, Dar es Salaam. Jana fundi amepigilia bati la mwisho, na nyumba niliyoitazama si ile niliyotaka kuijenga.

Nilitaka tofali za kufungamana. Wanaozijua wanazijua: udongo wetu huu mwekundu, saruji kidogo, mashine ya mkono inashindilia, unazimwagilia maji siku kadhaa zikomae. Hazichomwi. Zinashikana zenyewe kwa meno, kwa hiyo hata saruji ya kujengea katikati ya tofali na tofali unaiokoa. Nilitaka baraza pande mbili na madirisha ya kupokea kusi na kaskazi, maana mtu wa pwani hahitaji kuambiwa upepo unatoka wapi. Upande wa magharibi nilitaka ukuta mtupu, jua la saa tisa alasiri likute ukuta, lisikute kitanda cha mpangaji.

Mchoro ulirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza naambiwa nyumba ya udongo mjini haifai. Nikaeleza kuwa hii si nyumba ya tope. Nikaeleza kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, chombo cha serikali hii hii, ndio wamehangaika miaka yote kuzitafiti hizo tofali na kufundisha vijana wetu kuzifyatua. Afisa akaniambia, "Dada yangu, unataka kibali au unataka mabishano?" Mara ya pili baraza zangu zikahesabiwa kuwa zimevuka eneo la kuachwa wazi, nizikate. Nikazikata. Nikaenda benki, mthamini naye akasoma neno "udongo" kwenye karatasi na thamani ya nyumba ikaporomoka kabla hata haijasimama. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Nikanunua tofali za saruji kama kila mtu.

Sasa tazameni nilichoulizwa kwenye hiyo safari yote: hati, risiti ya kodi ya ardhi, michoro ya msanifu, muhuri, shimo la maji taka, gharama ya ujenzi. Sikatai, vyote vina maana yake. Ila hakuna mtu hata mmoja, kwenye meza hata moja, aliyeniuliza ndani kutakuwa na joto kiasi gani, kivuli kitatoka wapi, au nitamwaga saruji mifuko mingapi.

Na hapo kwenye saruji ndipo penye uchungu wangu. Saruji inaanza na mawe ya chokaa yanayochomwa kwenye tanuru mpaka nyuzi joto kama 1,450. Jiwe lenyewe linapoungua linaachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, mbali na moshi wa mafuta, gesi au makaa ya mawe yanayoliunguza. Zaidi ya nusu ya uchafuzi unatoka kwenye jiwe. Kwa hiyo hata ukiwasha tanuru kwa moto safi kuliko wote duniani, bado jiwe litatoa chake. Viwanda vya saruji duniani vinahesabiwa kuchangia karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na binadamu. Dawa kubwa ni kutumia saruji kidogo pale ambapo si lazima, na kuichanganya na vitu kama majivu ya volkano, ambayo Mbeya tunayo. Mimi nilitaka kutumia kidogo. Ofisi ya umma ikanilazimisha kutumia nyingi.

Halafu serikali hiyo hiyo mwaka 2021 ilipeleka ahadi yake chini ya Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi: kupunguza gesijoto, hewa ukaa ikiwemo, kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ambavyo ingekuwa bila kuchukua hatua. Nauliza, hizo asilimia zinatoka wapi kama dirisha la kibali cha ujenzi halijawahi kuzisikia?

Mtaniambia serikali inahangaika na nishati safi ya kupikia. Kweli, na naunga mkono. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziliamriwa kuachana na kuni na mkaa. Lakini mama ntilie anafuatwa kwa sababu ya gunia lake la mkaa, wakati tanuri la tofali za kuchoma linameza magogo usiku kucha na hakuna anayeuliza. Piteni barabara ya Morogoro kwenda Iringa muone hayo matanuri. Mti ukipikia ugali ni kosa, mti ukichomea tofali ni maendeleo? Haki iko wapi hapo?

Kuna watakaosema umeme wetu sasa ni wa maji, Bwawa la Nyerere pale Mto Rufiji lina megawati 2,115, kwa hiyo kiyoyozi hakina dhambi. Jamani, maji ya Rufiji hayarudishi hewa ukaa iliyokwisha kutoka kwenye saruji. Na hilo bwawa tumelijenga ili watu wapate taa na viwanda, si ili nusu ya umeme wake iishie kupoza majengo ya vioo yaliyotazamishwa magharibi katika mji ulio nyuzi saba tu kusini mwa ikweta. Ingieni kwenye mojawapo ya hayo maghorofa pale mjini siku umeme umekatika. Madirisha hayafunguki! Watu wazima wanatoka nje kukaa kwenye ngazi.

Na si kwamba hatujui. Msanifu wetu Beda Amuli alilichora Soko la Kariakoo miaka ya 1970 likiwa na paa za mfano wa miavuli, pande ziko wazi, hewa inapita juu ya vichwa vya maelfu ya watu bila mashine. Nendeni Mlimani kwenye majengo ya zamani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam muone korido za wazi na vizuia jua vya zege kwenye madirisha. Zege ni nyingi, sawa, lakini waliochora walijua jua la Dar liko upande gani.

Rwanda tangu 2019 wameweka masharti ya chini ya majengo ya kijani ndani ya kanuni zao za ujenzi, na jengo kubwa halipiti bila kuyatimiza. Kenya walitunga kanuni mwaka 2012, jengo linalotumia maji moto zaidi ya lita 100 kwa siku lipate asilimia 60 ya moto huo kutoka kwenye jua. Utekelezaji ukasuasua, mwaka 2018 zikafutwa. Angalau walithubutu kuandika kitu.

Sensa ya 2022 ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14 nchini. Mengine mengi yanakuja, na kila moja likishasimama vibaya litakaa hivyo miaka 50.

Sidai makubwa. Nataka fomu ya kibali iwe na ukurasa mmoja wa kivuli, upepo na vifaa vya ujenzi. Nataka tofali za kufungamana zilizopimwa zitambuliwe kwa maandishi kila halmashauri, asiwepo afisa wa kuniuliza kama nataka mabishano. Na nataka benki zilazimike kuthamini ukuta kwa uimara wake, si kwa jina lake.

Kama kuna afisa ujenzi wa halmashauri yoyote anayesoma hapa, anitajie kifungu kinachonikataza kujenga nilivyotaka. Namba ya kifungu, siyo maelezo. Mpangaji wangu wa kwanza kaja asubuhi hii kukagua chumba, kasimama mlangoni, kajifuta jasho, swali lake la kwanza likawa tundu la kiyoyozi litapita wapi.