MREJESHO: Morfini ya kuvuta kwa mama mwenye COPD

Wakuu salaam, mwezi uliopita niliuliza kama mama yangu mwenye COPD, ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa (kapikia kuni maisha yake yote huku Chamwino) anaweza kuvutishwa morfini (ile dawa kali ya maumivu) kwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, ili apate nafuu ya kubanwa pumzi. Asanteni sana mlionijibu.

Jumanne tumeenda kliniki Dodoma mjini, dokta akasema hiyo ya kuvuta imeshapimwa kwenye tafiti na haijaonekana kuizidi maji ya chumvi ya kawaida yanayowekwa kwenye mashine ileile, so hampi. Nikauliza ya kunywa je, akasema hata hiyo wataalamu bado wanavutana, utafiti wa Australia wa 2022 kwa wagonjwa wa COPD haukuona nafuu ya maana, na inafunga choo, inalewesha, ikizidi inapunguza upumuaji, kwa hiyo ni dozi ndogo sana na kwa uangalizi wake, msijaribu nyumbani jamani.

Kilichotusaidia sasa, nimenunua kifeni cha chaji pale Sabasaba. Jana usiku alibanwa akashindwa hata kuniita, nikamkalisha ainame mbele viwiko juu ya magoti, feni karibu na pua na mdomo, akawa anatoa pumzi taratibu midomo kaibana kama anapuliza moto jikoni. Baada ya muda mabega yakashuka, akaomba chai. Nililia wakuu.

Pampu zake za kuvuta dawa anaendelea nazo, na kuni tumeacha, nimemletea mtungi wa gesi.