Naomba ushauri: takrima kwa mtumishi wa mji Marekani
Ndugu zangu, hasa mnaofanya kazi serikalini huku Marekani, naomba ushauri. Mimi ni mkaguzi wa majengo katika mji mmoja, na mkandarasi ambaye kibali chake kilikwisha kupitishwa kihalali anataka kunipa kadi ya zawadi ya dola 100, akisema ni asante tu. Watumishi wa serikali kuu wana kiwango chao kinachoeleweka: zawadi isiyozidi dola 20 kwa mara moja na dola 50 kwa mwaka kutoka kwa mtoaji mmoja, wala si fedha taslimu. Kwetu sisi wa miji, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2024, katika shauri la James Snyder, aliyekuwa meya wa Portage, Indiana, na kupokea dola 13,000 kutoka kwa kampuni iliyokwisha kuuzia mji huo malori, kwamba sheria ya shirikisho aliyoshtakiwa nayo hugusa rushwa iliyokubaliwa kabla ya tendo, si takrima ya baadaye. Mkandarasi ananisomea hukumu hiyo kama hirizi. Je, kanuni za jimbo na mji hazinibani bado? Na nikikataa, nimwandikie kwanza msimamizi wangu au afisa wa maadili, ikizingatiwa kwamba mkandarasi huyo ana maombi mengine mezani kwangu?