Kikundi cha familia: Neema na mstari wake

Neema: Shikamooni wakubwa. Mjomba Idi upo? Hesabu imenigomea. Nukta (−2, 7) na (4, −5), tafuta mlinganyo wa mstari mnyoofu unaopita kwenye zote mbili. Mimi napata y = 2x + 11. Majibu nyuma ya kitabu yanasema y = −2x + 3. Kitabu kimekosea.

Baraka: Kitabu ndicho kimekosea 😂😂

Neema: Cheka tu. Nimehakiki! Weka x = −2. Mara 2 ni −4, jumlisha 11, unapata 7. Si ndiyo y yenyewe?

Mjomba Idi: Marahaba mama. Hebu hakiki na ile nukta ya pili.

Neema: 2 mara 4 ni 8, jumlisha 11... 19. Ilitakiwa −5

Neema: Sasa mbona ya kwanza imekubali?

Mjomba Idi: Kwa sababu ndiyo uliyoitumia kuipata hiyo 11. Ukishaanzia (−2, 7), mstari wowote utakaoandika utapita hapo, hata mteremko (badiliko la y gawanya kwa badiliko la x) uwe wa kubuni. Weka mteremko 100 ukitaka, nukta hiyo itakubali tu. Ya kuhakikia ni ile nyingine. Mteremko uliupataje?

Neema: 7 toa −5 ni 12. 4 toa −2 ni 6. 12 gawanya kwa 6 ni 2.

Baraka: Nimeona. Juu umeanza na nukta ya kwanza, chini ukaanza na ya pili.

Shangazi Rehema: Kwani si tuliambiwa anza na yoyote?

Mjomba Idi: Yoyote Da Rehema, mradi uliyoanza nayo juu uanze nayo na chini. (−5 − 7) ÷ (4 + 2) ni −12 ÷ 6, yaani −2. Ukigeuza zote mbili ni 12 ÷ −6, bado −2. Ukigeuza moja, alama inapinduka.

Mjomba Idi: Na Neema, kabla hujakokotoa chochote chora hata kwa mkono. Nukta ya kushoto iko juu, ya kulia iko chini. Mstari unashuka, kwa hiyo mteremko lazima uwe hasi. Ungeiona 2 ungeshtuka hapohapo.

Baraka: Mimi kanuni ya mteremko hata siikumbuki. Natupia nukta zote kwenye y = mx + c, m ndiyo mteremko, c ile namba ya mwisho:
7 = −2m + c
−5 = 4m + c
Toa ya chini kwenye ya juu, c inajifia yenyewe. 12 = −6m, m = −2, c = 3. Kwisha.

Mjomba Idi: Ni kilekile, umezungukia mlango wa nyuma.

Neema: (b) Nukta (k, 11) iko kwenye mstari huohuo, tafuta k. 11 = −2k + 3, kwa hiyo 8 = −2k, k = −4?

Mjomba Idi: Hewaa 👏

Neema: (c) inanitisha. (3, 1) na (3, 8). Mteremko 7 ÷ 0, kikokotoo kimekataa.

Baraka: Andika "hakuna mstari" ukalale.

Mjomba Idi: Usimsikilize huyo. Mstari upo, chora utauona umesimama wima. Kisichokuwepo ni mteremko, maana hatugawanyi kwa 0. Na ndiyo maana y = mx + c haikufai hapa. Baraka jaribu njia yako basi.

Baraka: 1 = 3m + c
8 = 3m + c

Baraka: Ukitoa unabaki na 7 = 0 🤐

Mjomba Idi: Ehe. Neema, kwenye hizo nukta mbili ni nini hakibadiliki?

Neema: x. Ni 3 kote kote. Basi mlinganyo ni x = 3??

Mjomba Idi: Ndiyo. Hakuna cha kuongeza.

Shangazi Rehema: Na zikifanana y?

Mjomba Idi: Hapo hakuna shida, juu ndiko kunakuwa 0, mteremko 0. Mfano (1, 5) na (9, 5), ni y = 5.

Neema: (d) (2, 1) na (6, 4), wanataka bila sehemu. Mteremko 3/4, kwa hiyo y − 1 = 3/4(x − 2). Nikazidisha yote kwa 4: 4y − 4 = 3x − 6, kwa hiyo 3x − 4y − 2 = 0. Na (6, 4): 18 − 16 − 2 = 0 ✅

Baraka: Kitabu kinasemaje?

Neema: Sijafungua.