Naomba ushauri: saa za ziada kwenye studio ya michezo ya video zinanimaliza

Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka mitatu kwenye studio ya michezo ya video, kazi yangu ni kuwapa wahusika mwendo. Mchezo wetu umeahirishwa mara mbili, na kila ukiahirishwa wakubwa wanaongeza mambo badala ya kupunguza. Majuzi nilimaliza mwendo wa farasi, hadi masikio yanavyotikisika akisimama. Wiki tano za kazi. Asubuhi moja nikaambiwa farasi hawamo tena, basi.

Huu ni mwezi wa nne mfululizo tunatoka saa sita usiku, na Jumamosi tupo. Saa za ziada hazilipwi, tunaahidiwa bonasi mchezo ukiuza. Mwanangu namwacha amelala, namkuta amelala. Kiganja cha kulia kimeanza kufa ganzi.

Najua si jambo geni. Mwaka 2004 mwenza wa mfanyakazi wa Electronic Arts, kampuni kubwa ya michezo ya video ya Marekani, alianika hadharani saa za kazi za pale, na kesi za wafanyakazi zikaishia kampuni kulipa mamilioni ya dola. Ila wale walikuwa wengi, sisi tulio tayari kusema ni wanne tu.

Kinachonifunga zaidi ni jina langu. Ukiondoka kabla mchezo haujatoka, studio nyingi hazikuweki kwenye orodha ya walioutengeneza, na bila hilo miaka mitatu naithibitishaje kwa mwajiri mwingine?

Nivumilie hadi mchezo utoke? Twende sisi wanne pamoja kwa wakubwa, na rekodi ya saa zetu mkononi? Au nimwone mwanasheria kwanza? Mliopitia haya, naomba mniambie mlianzia wapi.